Bikoni Uliyoisema, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Najua swali lako la kwanza lingekuwa kama nimekula, kwa hiyo nalijibu mapema: nimekula ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwa mdogo wangu Yona, na mkewe alinirundikia sahani mpaka nikaomba anihurumie. Sasa kaa vizuri. Nina habari ambayo kwa siku nne hizi nimemsimulia kila mtu wa Haneti aliyekubali kusimama, na wengine ambao hawakukubali, lakini naona kama bado sijaisimulia, kwa sababu mwenyewe hasa wa habari hujaisikia. Ni miaka sita tangu tukuzike na sijawahi kukuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Nimejifunza kutumia mashine. Tafadhali usicheke. Mimi huyuhuyu Damari, niliyetoboa gauni lako la kanisani kwa pasi ya mkaa, niliyeweka betri za redio kichwa chini ukakaa wiki nzima bila kusikia taarifa ya habari, leo nina mashine ambayo ofisi nzima inanisubiri mimi ndiyo itoke kabatini. Waliosoma chuo wananiuliza, "Dada Damari, hapa nibonyeze wapi?" Nami huwa sijibu haraka. Nasogea taratibu, nasafisha koo kwanza. Nakiri ninaringa, na sioni sababu ya kuacha.

Ni mashine ya kutafutia chuma kilichofukiwa ardhini. Ina mpini wa kushika kama wa fagio, kioo kidogo juu, na chini kuna sahani ya mviringo unayoipitisha karibu na ardhi, kushoto na kulia, bila kugusa. Unavaa hedifoni masikioni. Kukiwa na chuma chini, unasikia. Sisi tunaofanya kazi na wapima ardhi tunaihitaji kwa ajili ya bikoni za zamani, zile nondo zilizosimikwa kwenye zege kila pembe ya kiwanja au shamba. Dodoma imepanuka, barabara zimepita, watu wamemwaga vifusi, na bikoni nyingi zimezama. Wewe bikoni sina haja ya kukueleza. Ulibeba maji ya kuchanganyia zege lake.

Siku bosi alipoileta mashine mezani, vijana wetu waliizunguka kwa zamu. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza na lugha nyingine tatu ambazo hatukuzijua hata majina. Mmoja aliijaribu nje ya ofisi, ikalia mfululizo, akairudisha akisema ni ya watafuta dhahabu, siyo ya kwetu. Mwingine akasema mbovu. Bosi akasema, "Atakayeielewa ndiye atakayekwenda nayo saiti." Nikanyoosha mkono. Mimi mshika fimbo ya kupimia, mfyeka vichaka, mwenye cheti cha kidato cha nne, nikanyoosha mkono nikaomba niende nayo nyumbani Jumamosi na Jumapili. Kila mtu akadhani natania. Mimi nilikuwa nimeshakuona wewe umesimama mbele ya baraza, na mikono yako ina vumbi.

Nilikuwa na miaka kumi na tano siku ile ya baraza, nimekaa chini nyuma yako. Baba alikuwa ameshafariki. Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamejaza udongo upande wa chini wa shamba letu, karibu na korongo, na bikoni ya pembe ile ikapotea. Hapo ndipo mpaka wetu na shamba la baba mdogo Ndahani ulipoanza kubishaniwa. Ramani ya upimaji ilikuwa imeliwa na mchwa, na wapima wenyewe walikwishaondoka zamani, kila mtu na njia yake. Aliyebaki aliyekuwepo siku nondo ile inasimikwa ulikuwa wewe, kibarua wa maji.

Ukasimama ukasema bila kutetereka: kutoka kwenye lile jiwe la kisimani, ukielekea korongoni, hatua mia moja arobaini na mbili. Mwenyekiti akauliza umejuaje. Ukasema, "Sikuhadithiwa. Nilibeba maji yake, ndoo baada ya ndoo, na nilikuwa nahesabu ili nisiusikie uzito." Ukataka kwenda kuonyesha. Wakakuambia ukae, wanaume watamaliza. Akaombwa baba mdogo Ndahani ahesabu hatua, kwa sababu alikuwa na sauti na alisifika kwa hesabu tangu shuleni. Wakati ule alikuwa mrefu, ana miguu ya kuvuka mto bila kulowa. Akahesabu kwa sauti, watu wote nyuma yake, mpaka mia moja arobaini na mbili, na hapo wakachimba. Walichimba kupita magoti. Mchanga mtupu.

Nakumbuka alivyosema, maana nimeyabeba maneno yale miaka yote. "Shemeji, kubeba maji ni kazi nyingine, na kupima ni kazi nyingine." Hakusema kwa ubaya. Lakini watu walicheka, na baraza likaamua kwamba kwa kuwa bikoni haipo, mpaka ufuate mstari wa makonge aliyokuwa amepanda yeye. Tukapoteza ile sehemu ya chini yenye udongo mweusi, uliyokuwa unapandia karanga. Wewe ulichukua jembe lako, ukasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ipo pale, chuma hakina miguu," ukatuongoza nyumbani. Tangu siku hiyo ukaitwa Mama Bikoni. Kisimani, mashineni, hata kwenye kwaya. Wengine walikuita kwa utani wa mapenzi, wengine kwa kejeli, nawe ulikuwa ukiitika kwa namna ileile kwa wote.

Ardhi ilituuma, siwezi kukudanganya. Lakini kilichoniuma zaidi ni jingine. Hukuwahi kusema uongo, Mama. Ulikuwa mtu wa kurudi dukani kuomba radhi kwa kusema utafika saa nne ukafika saa tano. Mtu wa namna hiyo akafanywa mtu wa kuota bikoni. Na mara mbili nilikuona jioni, mvua zikiwa zimekwisha, ukitembea kutoka jiwe la kisimani, mikono nyuma, midomo ikicheza. Ukifika mwisho wa hesabu unasimama, unaangalia chini, unatikisa kichwa. Sikukuuliza kitu. Nilikuwa naogopa jibu.

Kwa hiyo niliichukua mashine nikaenda nayo Kizota. Nimepanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na sidhani kama kuna mahali pabaya zaidi duniani pa kujifunzia kutafuta chuma. Nilipoiwasha uani ilipiga yowe mpaka nikavua hedifoni. Udongo wote pale una unga wa chuma, misumari, na vipande vya bati. Fundi, ambaye ndiye baba mwenye nyumba wangu, alizima umeme wake, akaja akaniangalia mikono kiunoni. "Dada Damari, hapa ukitaka chuma huhitaji mashine. Fumba macho, inama, shika." Nikamwambia aendelee na mageti yake.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda mbali, kwenye uwanda usio na nyumba. Nilifukia kipande cha nondo nilichopewa na fundi, nikafukia na sarafu moja na kisoda, ili nione mashine inasemaje. Ikasema kisoda. Ikasema sarafu. Kwenye nondo ikanyamaza kimya. Nilipita juu yake mara kumi, mara ishirini, jua linanichoma utosini, nikaanza kuamini kwamba kweli ni mbovu. Jumatatu nikamkalisha Anita, binti mmoja aliyemaliza chuo na asiye na madharau, tukasoma kijitabu ukurasa kwa ukurasa, yeye ananitafsiria, mimi naandika kwenye daftari. Tukagundua kumbe inavyotoka kiwandani imepangwa ikatae chuma. Anayetafuta dhahabu hataki kusumbuliwa na misumari; vitu bapa kama bati na kisoda ndivyo huiponyoka vikalia. Sisi tunatafuta hichohicho wanachokikataa wenzetu. Anita akacheka, "Dada, kumbe ilikuwa inaiona, inaipuuza tu."

Neno hilo lilinikaa. Usiku huo sikuandika chochote zaidi kwenye daftari.

Nikajifunza kuinyamazisha ardhi yenyewe, maana udongo wetu mwekundu nao una chuma chake na unaisemesha mashine ovyo. Unasimama mahali pamoja, unainua sahani na kuishusha, unainua na kuishusha, huku unabonyeza kitufe, mpaka mlio wa udongo unakufa. Ukihama udongo ukabadilika, unaanza upya. Ni kazi ya subira, na vijana wengi hawaitaki. Nikajifunza kutembea polepole kuliko ninavyotembea hata msibani. Nikajifunza kwamba msumari unalia kwa ufupi na kwa hasira, bati linalia kwa kupasuka, na nondo iliyosimama wima inatoa mlio mdogo wa mviringo, ulio palepale hata ukiijia kutoka pande zote nne. Daftari limejaa. Kwenye jalada niliandika jina langu na neno "Mtaalamu", kisha nikaona aibu nikalifuta, kisha nikaliandika tena.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa Chamwino, kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwishavunwa. Nilitaka uwepo, kwa hiyo nilivaa makatambuga yako. Yale ya tairi, uliyoyavaa ukibeba maji ya zege ili miiba isikutoboe. Nilikuwa nimeyahifadhi chini ya kitanda tangu mazishi. Nikashuka kwenye gari mbele ya wapima wawili na mwenye shamba, nikawasha mashine, nikaanza. Kila sahani ilipokuja kushoto, ililia. Nikachimba. Hakuna kitu. Nikasogea hatua mbili, ikalia tena kushoto. Nikachimba tena. Mwenye shamba akaanza kupiga miayo. Shimo la nne Anita alinijia akaninong'oneza, "Dada, hebu inua mguu." Tairi lina nyaya ndani, Mama, na kanda za kushoto ulizipigilia mwenyewe kwa misumari saba. Nimeihesabu. Nilikuwa natafuta bikoni kwa kuchimba miguu yako.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na wakati nacheka machozi yakanitoka, ikabidi niseme ni vumbi. Nikayavua, nikamaliza kazi nikiwa na raba za Anita zilizonibana vidole. Bikoni zote nne za shamba lile tulizipata kabla ya chakula cha mchana. Mpima aliandika kwenye kitabu chake cha kazi kwamba zimepatikana, na pembeni akaandika jina langu bila mimi kumwomba. Nililisoma mara mbili, na nikajifanya nasoma namba nyingine.

Halafu Yona akanipigia simu. Akasema maafisa wanakuja kijijini Haneti Alhamisi ya wiki inayofuata kupima mashamba upya, ili kila mtu apewe hati yake. Pembe isiyo na bikoni itapimwa pale mpaka unapotumika sasa. Kwa maana nyingine, kwenye makonge. Likishaandikwa kwenye hati limeandikwa, na kile ulichokisema kwenye baraza kingebaki kuwa hadithi ya kuchekesha ya Mama Bikoni, ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Nilikwenda kwa bosi siku hiyohiyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ichukue. Ila irudi na betri zake zote."

Nilifika Haneti Jumapili. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa baba mdogo Ndahani kuomba ruhusa, maana eneo lenyewe sasa ni shamba lake. Amezeeka, anatembelea fimbo, macho yana ukungu. Nikamsalimia, akaitikia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, nilihesabu kwa haki mbele ya watu wote. Lakini tafuta. Sitaki uondoke na kinyongo." Nikamshukuru. Na nataka ujue kwamba alisema hivyo kabla ya chochote kupatikana.

Mahali walipochimba siku ile kila mtu anapajua, bado kuna kibonde. Nikaanzia hapo. Nikainyamazisha ardhi, nikapita mstari kwa mstari, nimefunga kamba kama tunavyofanya kazini. Jumatatu nzima nilipata kisoda kimoja, kijiko na nusu ya jembe. Jumanne nikapanua duara. Nikapata mnyororo wa baiskeli. Watu walikuwa wanakuja kuangalia, wanakaa kivulini, wanaondoka. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Damari, pumzika. Marehemu naye alikuwa binadamu." Yona naye jioni alikuwa haniangalii usoni.

Na hapa lazima nikwambie ukweli, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuusema. Jumanne hiyo nikiwa nafunga mashine, nilianza kukutilia shaka. Niliwaza kwamba mashine naijua, haiwezi kukosea, na kama mashine haikosei basi aliyekosea ni mwingine. Nikaona inawezekana ulichanganya pembe, au jiwe, au namba. Nilikula chakula cha Yona nikiwa na wazo hilo tumboni, na lilikuwa chungu. Nisamehe.

Jumatano asubuhi mke wa Yona alikuwa na homa na mtungi ulikuwa mkavu. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Ni miaka mingi sijabeba ndoo kichwani, mjini tuna bomba na madumu ya mkokoteni. Nikajaza, nikaitua kwenye lile jiwe nijipange, nikajitwisha. Shingo ikaniambia nimezeeka. Badala ya kupita njia ya nyumbani nikakata kwa chini, korongoni, nikamtazame kwanza yule adui yangu kibonde kabla jua halijawa kali. Na kwa kuwa ndoo ilikuwa nzito, nikaanza kuhesabu. Sikukusudia. Ni mazoea uliyonipa wewe, tulipokuwa tukiongozana, wewe na ndoo kubwa na mimi na kopo.

Nilipofika mia moja arobaini na mbili, nikasimama. Kibonde kilikuwa bado mbali mbele yangu. Mbali kabisa, kiasi cha kurusha jiwe.

Sikuitua ndoo. Nilisimama pale na maji yananitiririka shingoni, nikaiangalia miguu yangu. Mwanamke aliyebeba ndoo iliyojaa hapigi hatua, Mama. Anasogeza mguu. Anaupeleka taratibu, anauweka, ndipo anausogeza mwingine, ili maji yasimwagike. Na baba mdogo Ndahani alihesabu mikono mitupu, kwa miguu yake mirefu, huku watu wanamwangalia. Hata wewe, zile jioni mbili, ulihesabu mikono ikiwa nyuma, huna kitu kichwani. Nikaweka kanga yangu pale niliposimama, nikaitua ndoo juu yake, nikakimbia kufuata mashine. Mimi, na magoti yangu haya, nilikimbia.

Nilijilazimisha kufanya kila kitu kwa utaratibu. Nikahamisha ndoo mbali, maana mpini wake una chuma. Nikavua saa, nikavua hata vibanio vya nywele. Nikainyamazisha ardhi, polepole, mpaka ikatulia kabisa. Kisha nikapitisha sahani. Hatua mbili kushoto kwa kanga yangu nikausikia, mdogo, wa mviringo, unatoka chini sana. Nikauendea kutoka kisimani, upo. Kutoka korongoni, upo. Kutoka pande mbili zilizobaki, upo palepale. Nikazima mashine nikaiwasha tena, kwa kuogopa furaha. Upo.

Yona alichimba. Nilitaka kuchimba mimi akaninyang'anya jembe. Alichimba mpaka mkono wake ukaingia wote hadi kwapani, akagusa kitu kigumu, akatulia, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Tulifukua kwa mikono. Zege lilikuwa zima, na nondo katikati yake imevaa kutu nyekundu, na kichwani kuna alama ya wapima. Yona alikaa kwenye ukingo wa shimo akasema, "Mama," basi. Mimi nilipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Watu walikuja, unajua Haneti habari inavyotembea. Baba mdogo Ndahani aliletwa akiwa ameshikwa mkono. Akaomba aguse. Tukamshushia fimbo yake shimoni, ikagonga chuma, na akaisikia. Akauliza imekuwaje. Nikajaza ndoo tena, nikaanzia kwenye jiwe, nikatembea mbele yake na mbele ya watu wote, na watu wenyewe wakaanza kuhesabu pamoja nami, wanawake kwanza, halafu wote. Mia moja arobaini na mbili ilinikuta ukingoni mwa shimo. Hakuna aliyecheka. Wanawake walikuwa wanatazamana tu.

Mzee akasema, "Sikumwuliza kama alikuwa na ndoo." Akageuka upande wa nyumbani, ulikolala, akavua kofia, akasema kwa Kigogo, kwa sauti yake ileile ya kuhesabia ambayo bado anayo, kwamba alikosea na kwamba shemeji yake alisema kweli. Akawaambia wanawe wakamsaidie Yona kung'oa makonge. Nilimpa maji ya kunywa kutoka kwenye ndoo.

Watu wananipongeza mimi, na mimi napokea, maana mashine ile niliitolea jasho. Ninajivunia daftari langu, ninajivunia masikio yangu, na Anita akiniita mwalimu siku hizi simzuii. Lakini usiku nikiwa kitandani ninachojivunia kupita vyote ni kwamba mimi ni mtoto wa yule mama aliyepima shamba kwa kichwa chenye ndoo, bila kamba, bila kioo, bila kijitabu cha lugha nne, na akapata. Nimefanya kazi na wapima miaka kumi na moja. Sijaona aliyekuzidi.

Alhamisi maafisa walifika. Aliyekuja kwetu ni kijana mpole, amevaa kofia pana ya jua, ana fomu zake kwenye ubao. Akaikagua bikoni, akapiga picha, akachukua vipimo vyake. Kisha akanipa fomu na kalamu, nijaze pale panapoandikwa jina la aliyeonyesha alama ya mpaka. Alidhani nitaandika langu. Nikaandika lako, majina yote matatu, kwa mwandiko wangu mzuri wa Jumapili. Akalisoma, akaangaza macho kwa wale kina mama waliosimama pale, akaniuliza huyu yuko wapi, maana inabidi amhoji.

Nikamwambia alishahojiwa zamani, mbele ya kijiji kizima, na majibu yake hayajabadilika.

Endelea kupumzika, Mama.

Mwanao wa kwanza,
Damari